Kasuku Aliyebaki Mdomo

Haradhan Bauri aliinua uso, taa ya kofia yake ikammulika kasuku pale njia panda, akaganda pale pale. Nyekundu. Nyekundu tupu, kuanzia juu mpaka chini.

"Mama yangu wee," alisema, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Sasa tuelewane kuhusu huyu kasuku, maana asiyemjua atashangaa kwa nini mwanamume mzima, sardari wa zamu, mtu ambaye akikohoa tu wachimbaji wananyamaza, alisimama pale anatetemeka kama mtoto aliyevunja chungu cha mama yake. Kasuku huyu si ndege. Ni mrija mdogo, unene wa kidole gumba, unaoning'inia kutoka kwenye tundu lililotobolewa katika dari ya mgodi. Waya wake umepanda ndani ya mwamba mpaka kwenye jiwe gumu lisilotikisika, ukafungwa huko. Mrija wenyewe umepakwa rangi tatu: kijani juu, njano katikati, nyekundu chini kama mdomo wa kasuku wa kule. Dari ikianza kushuka, hata kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, tundu linashuka nayo na kuumeza mrija. Kijani inaingia kwanza, njano inafuata. Ikibaki nyekundu peke yake, wachimbaji wanasema kasuku amebaki mdomo, na hapo hakuna cha kuulizana. Ni kutoka.

Na asubuhi ile ile Haradhan alikuwa amempita kasuku huyo huyo. Ndiyo kazi ya sardari: anatangulia peke yake, anaigonga dari kwa fimbo akisikiliza kama inalia jiwe au inalia tupu, anawakagua makasuku wote, ndipo anawaruhusu wenzake waingie. Asubuhi kasuku alikuwa mzima, kijani yake yote iko nje. Sasa hata chai ya kati ya zamu ilikuwa haijanywewa, na kijani hakuna, njano hakuna. Katika miaka yake yote chini ya ardhi hakuwahi kuona dari ikishuka kwa kasi hiyo. Dari ya namna hiyo haishuki tena, imeshaamua kuanguka.

Tena ulikuwa mwisho wa mvua. Mgodi ule, kama ilivyo mingi ya zamani kule Raniganj, haukwenda chini sana. Juu ya vichwa vyao palikuwa na mashamba ya mpunga yaliyojaa maji pomoni, na maji yale yalikuwa yanatafuta njia ya kushuka. Na kazi yenyewe ilikuwa ile inayoogopwa kuliko zote, ya kung'oa nguzo. Makaa yaliyoachwa tangu enzi za babu zao kama nguzo za kushikilia dari, sasa yalikuwa yanachimbwa nayo, nguzo moja baada ya nyingine, watu wakirudi nyuma taratibu na dari wakiiacha ianguke nyuma yao.

Ng'ambo ya njia panda ile, kwenye hizo nguzo, kulikuwa na watu wanne. Mzee Nirapada mwenye goti bovu. Ndugu wawili wa kabila la Wasantal, Som na Lakhan Murmu. Na wa nne ni Gopen, mume wa Malati, binti pekee wa Haradhan.

Hapo ndipo palipomuuma. Gopen alikuwa fundi wa karakana kule juu, mtu wa jua na upepo. Haradhan mwenyewe ndiye aliyemwomba bwana meneja amshushe chini, amweke kwenye genge la nguzo. Aliona fahari mkwewe awe mchimbaji kamili, afanye kazi mbele ya macho yake. Malati alilia, akagombana naye, akamwambia, "Baba, mwache mume wangu huko huko kwenye spana zake." Haradhan akamjibu kwa kiburi, "Dari yangu mimi haiangukii mtu. Naitazama mwenyewe." Tangu siku ile Malati hakumsemesha tena baba yake. Chakula anampelekea, chumvi imekolea vizuri, lakini neno hakuna.

Haradhan akatia filimbi mdomoni, akapuliza mpaka mashavu yakamuuma. Kule ndani mashine ya kutobolea ilikuwa inanguruma, na filimbi ikapotea humo. Akapuliza tena. Wapi! Njia nyingine ya kutokea ilikuwa upande wa bondeni, na huko maji ya mvua yalikuwa yamefika kifuani, pampu zinahangaika nayo. Hakuna njia ila ya kupita chini ya kasuku.

Akapita. Hakukimbia. Aliinama akabana pumzi, kana kwamba pumzi yake ndiyo ingeisukuma dari. Tone la maji likamdondokea shingoni, akalisikia mpaka kwenye nyayo. Alipovuka ndipo alipokimbia.

"Zima! Zima mashine! Acheni kila kitu!"

Mashine ikazimwa. Mzee Nirapada akageuka, meno meupe katika uso mweusi. "Vipi, sardari, chai imekuja?"

"Kasuku amebaki mdomo."

Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Som akatupa sururu pale pale aliposimama. Gopen peke yake ndiye aliyeinama, anataka kuibeba mashine.

"Baba, na hii?"

"Ni ya baba yako hiyo? Iache!"

"Si baba yangu ndiye wewe?" Gopen akasema, na hata katika hofu ile Lakhan alicheka puani. Haradhan alimsukuma mkwewe mgongoni kwa mkono wote.

Walipofika njia panda akawasimamisha. Chini ya dari mbaya hawapiti kundi, wanapita mmoja mmoja, kimya, bila kuburuta miguu. Som akapita. Lakhan akapita. Zamu ya Mzee Nirapada ilipofika, mzee akashika goti lake, akatikisa kichwa.

"Tangulieni nyie vijana. Mimi nikianza kuchechemea hapa nitawachelewesha."

"Mzee, usilete maneno," Gopen akasema, na kabla Haradhan hajafungua kinywa kijana akachuchumaa, akamtwaa mzee mgongoni kama gunia la mchele.

"Mmoja mmoja!" Haradhan alinong'ona kwa hasira. "Nimesema mmoja mmoja!"

"Ndiyo, baba, mmoja. Huyu mgongoni ni mzigo tu."

Akaingia. Reli za vitoroli zilikuwa zimelowa, na akiteleza pale basi. Haradhan hakumtazama kasuku tena. Macho yake yalikuwa kwenye mgongo wa Gopen, na juu ya mgongo wa Gopen kwenye mgongo wa Nirapada, na alikuwa anamtaja Malati bila sauti, Malati, Malati, kama mtu anayesali. Mahali fulani jiwe likalia, kidogo tu, namna mawe yanavyolia kila siku na hakuna anayejali. Siku ile alilijali. Gopen akavuka. Ndipo Haradhan naye akapita, wa mwisho, na hakumbuki alipitaje.

Hawakusimama mpaka kituo cha vitoroli, mahali palipojengwa kwa matofali na vyuma vizito, pasipoanguka hata mbingu ikianguka. Hapo wakajibwaga chini wote watano. Som akaanza kucheka, kicheko kisicho na sababu, na nduguye akamfuata. Mzee Nirapada akalibusu goti lake bovu.

"Leo ndiyo mara ya kwanza umenisaidia, shetani wewe," aliliambia. "Nimebebwa kama bwana harusi."

Haradhan alimshika Gopen kichwani kwa mikono miwili, akamtikisa, akamwachia, akamshika tena. Alitaka kumtukana kwa kuvunja sheria ya mmoja mmoja. Badala yake akampangusa vumbi usoni. Kifua chake kilikuwa kimejaa nafuu tele mpaka kinauma, na akamshukuru Mama Kali, mungu wa kike aliye mlangoni mwa mgodi, akamwahidi jogoo, kisha akaongeza akamwahidi mbuzi. Akainua simu ya ukutani, akawaambia walio juu kwamba genge la nguzo liko salama, wamtume haraka bwana Chattaraj, mkuu wa zamu zote, dari ya njia panda inakuja chini.

Alipoiweka simu, akashika kichwa.

"Felaram!"

Wote wakatazamana. Felaram Ghosh, mtu wa pampu! Alikuwa wapi Felaram? Pampu yake ilikuwa kwenye njia ya pembeni, karibu na njia panda ile ile. Haradhan alishaanza kurudi mbio taa ya Felaram ilipotokea gizani, inakuja polepole, na nyuma yake wimbo wa kuguna guna. Mikononi alikuwa ameshika sahani ya shaba, na juu ya sahani maua ya njano na kilima kidogo cha punje tamu za dengu.

"Mbona mmekaa kama mmefiwa?" Felaram akauliza. "Haya, shikeni prasadi, chakula kilichobarikiwa. Mikono michafu haina neno, Bwana Bishwakarma ni fundi mwenzenu, anajua."

Jana yake ilikuwa siku ya Bishwakarma, mungu wa mafundi na zana zao. Kule juu kazi ilisimama. Karakana ilipambwa, mbuzi alichinjwa, tiara za watoto zikajaa angani, na pandit, kuhani wao, akapita na sinduri, ile poda nyekundu wanawake walioolewa wanayojipaka kwenye mstari wa nywele, akaipaka kila zana iliyomfanyia mtu kazi mwaka mzima. Nyundo, winchi, mizani, baiskeli ya karani, mpaka simu ya mkononi ya Gopen ilipata tone lake. Felaram peke yake hakuwepo. Maji ya mvua hayajui sikukuu, na pampu haiachwi.

"Jana nyie mmekula mbuzi, mimi nimekula ukungu," alikuwa anaendelea, huku akigawa punje tamu katika viganja vilivyokufa ganzi. "Nikasema hapana, na mimi nitafanya puja yangu, ibada yangu, leo. Pandit akanipa sinduri na maua. Pampu nimeipaka. Bomba nimelipaka. Zile nguzo za mbao nimezipaka zote. Halafu nikamwona yule maskini wenu pale njia panda, nikaona haya kwa niaba yenu."

"Maskini yupi?" Haradhan akauliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Kasuku! Kila mwaka mnapaka mpaka ndoo, na anayezilinda roho zenu hata ua moja hapati. Nyie watu mna shukrani kweli?"

Hakuna aliyetafuna. Lakhan alikuwa amefungua kinywa na punje ziko ulimini.

"Umempaka kasuku," Haradhan akasema polepole.

"Nimempaka vizuri! Mwili mzima, hakuna mahali nimebakiza. Na sinduri nimeichanganya na mafuta ya haradali ili ishike."

Wa kwanza kupasuka alikuwa Mzee Nirapada. Alicheka mpaka akalala chali juu ya vumbi la makaa, anapiga teke kwa lile goti bovu. Ndugu Murmu wakashikana. Gopen alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Haradhan yeye alimvamia Felaram akamkaba shingo, sahani ikaruka, punje zikatawanyika mpaka kwenye reli, na waliokuwepo mpaka leo hawakubaliani kama alitaka kumnyonga au kumkumbatia.

"Pumbavu! Mwana wa punda! Nimekufa mara tatu leo kwa ajili yako!"

"Nimefanya nini? Jamani, nimefanya nini?" Felaram alikuwa analia, kofia imemzibia macho. "Puja ni kosa siku hizi?"

Bwana Chattaraj alipofika anahema aliwakuta katika hali hiyo, mmoja anakaba, mmoja anakabwa na wanne wanagaragara. Akaelezwa. Akaelezwa tena, maana mara ya kwanza kicheko kilimeza nusu ya maneno. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Haradhan. Kasuku alikuwa na urefu gani?"

Haradhan akakuna shingo.

"Kama amebaki mdomo, angekuwa mfupi hivi." Chattaraj akaonyesha ncha ya kidole. "Alikuwa mfupi?"

"Bwana, sikutazama urefu. Nimeona nyekundu, basi."

"Aah, sardari!" Mzee Nirapada akapiga kelele. "Umekimbia poda ya wanawake!"

Na Haradhan, ambaye hakuna aliyewahi kumtania mgodini, aliinamisha kichwa na kutabasamu kwa aibu, maana mtu aliyetoka kumpoteza mkwe na kumpata tena hana nguvu ya kukasirika kwa jambo dogo. Ila Chattaraj hakucheka. Akasema neno moja: sinduri imepakwa juu ya rangi, sawa, lakini chini ya sinduri kuna rangi gani, nani anajua? Huenda kijani iko, huenda ilishamezwa nusu na njano imeanza. Kasuku aliyepakwa ni sawa na kasuku aliyezibwa mdomo. Lazima afutwe, asomwe.

Wakarudi wanne, Chattaraj na Haradhan, Felaram kama mshitakiwa, na Gopen aliyekataa kubaki. Haradhan akaigonga dari ya njia panda kwa fimbo, huku na huku, akisikiliza. Ikalia jiwe. Kasuku alikuwa pale, mwekundu, mrefu kama alivyokuwa asubuhi, na kwenye waya wake ua la njano limechomekwa. Haradhan alitaka kujipiga kofi.

"Futa," Chattaraj akamwambia Felaram.

Felaram akarudi nyuma hatua nzima. "Mimi? Nifute sinduri ya puja kwa mkono wangu? Bwana, wewe si mgeni. Sinduri inafutwa siku mwanamke anapofiwa na mumewe. Mke wangu akisikia nimefuta, hatangoja nife, ataniua yeye."

"Upuuzi mtupu," Chattaraj akasema. Akatoa leso mfukoni, akainua mkono, mkono ukafika nusu ya njia, ukakaa pale. Alitazama leso yake. "Huyu mke wangu mimi ana presha," akasema kwa sauti ya chini, na leso ikarudi mfukoni.

"Nipeni mimi," Gopen akasema.

"Wewe usiguse!" Haradhan akafoka mpaka mwangwi ukarudi. Alikuwa ameona paji la uso la Malati, na ule mstari mwekundu kwenye nywele zake ambao yeye kama baba aliushuhudia ukipakwa siku ya harusi. "Ondoka hapo. Rudi nyuma. Mimi nitafuta. Mama yake Malati ameshatangulia, sina wa kumwacha mjane."

Akavua gamcha yake begani, kile kitambaa chake cha miraba, akanyoosha mkono. Mafuta ya haradali yalikuwa yameshika kweli, ikabidi asugue. Doa la kwanza la rangi lilipotokea alidhani macho yanamdanganya, akasugua tena, akaleta taa karibu. Kijani. Akapanda juu mpaka kwenye mdomo wa tundu, na huko nako kijani, yote iko nje, haijamezwa hata chembe. Chini yake njano, nzima. Halafu nyekundu ya kweli.

"Yuko mzima," alisema. "Mzima kabisa huyu mjinga."

Chattaraj akaketi juu ya reli, suruali yake safi na yote, akacheka kwa mara ya kwanza. Akawaambia genge lote lipande juu, wakanywe chai na wakaonekane, maana simu ya Haradhan ilikuwa imeshafika kwenye nyumba za wafanyakazi na wanawake wamejaa mlangoni.

Na kweli walikuwa wamejaa. Wengine wameacha vyungu motoni, mmoja ana nusu ya nywele zimesukwa. Malati alikuwa mbele kabisa, mikono imejaa unga, amekishika chuma cha uzio. Walipotokea kwenye mwanga, wa kwanza kuonekana alikuwa Haradhan, na Haradhan njiani alikuwa amejifuta jasho kwa ile gamcha yake. Uso wote ulikuwa mwekundu mpaka kidevuni.

Kelele alizopiga Malati zilisikika mpaka sokoni.

"Sinduri! Ni sinduri!" Gopen alikuja mbio kutoka nyuma, anapunga mikono. "Malati, ni sinduri tu! Wote wazima!"

Wazima! Watu wakashikana, wakaachiana, wengine wakaketi chini pale pale kwenye matope. Mke wa Felaram alimpiga mumewe kofi la mgongo kisha akamfunika kwa upindo wa sari yake. Vikombe vya udongo vya chai ya moto vikaletwa, na sahani za bisi za mchele na bajia, na kisa kikaanza kusimuliwa kwa sauti tatu kwa pamoja. Mzee Nirapada alisimama juu ya ndoo ili aonekane. Akaigiza filimbi, akaigiza kutetemeka kwa sardari, akaigiza jinsi alivyobebwa. "Sardari Haradhan amekimbia kopo la sinduri! Mwandikeni kwenye ukuta wa hekalu!" Watu walicheka mpaka chai ikawamwagikia. Haradhan alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake, uso wake mwekundu, naye anacheka. Ila hakumtazama binti yake. Alikuwa amemwambia dari yake anaitazama mwenyewe, na leo mgodi mzima unajua jinsi anavyoitazama.

Malati hakucheka.

"Ngojeni," alisema. Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu wakanyamaza, na waliokuwa mbali wakataka kujua kwa nini wenzao wamenyamaza. "Baba alipoiona hiyo nyekundu, alikuwa upande gani wa njia panda?"

"Upande wa kutokea," Som akasema.

"Na nyie?"

"Sisi ndani. Kwenye nguzo."

"Basi hamkukimbia naye. Alikuja kuwatoa."

Som akatazama kikombe chake. "Alikuja kututoa," akasema.

"Alipita chini yake. Akijua inaanguka."

Mzee Nirapada alishuka taratibu kutoka kwenye ndoo, akishika bega la Gopen, na alipofika chini alikuwa amevua kofia. Yeye ndiye aliyebebwa, na hakuwa amelifikiria jambo hilo namna ile.

Malati alivuka matope mpaka alipokaa baba yake, akasimama mbele yake. Haradhan aliinua macho.

"Ungekufa," Malati akamwambia.

"Ilikuwa sinduri tu, mama."

"Wewe hukujua ni sinduri! Ungekufa, nakwambia, ungekufa!" Na akampiga ngumi kifuani, ngumi ya unga, mara ya kwanza na ya pili, halafu ya tatu haikufika. Akaanguka begani kwa baba yake akalia kwa sauti, mbele ya watu wote. Haradhan, ambaye kule chini hakutoa hata chozi moja, aliweka kikombe pembeni akalia naye, na machozi yakamchorea mistari katika ile nyekundu.

"Haya, mnatazama nini?" Mzee Nirapada aliwakaripia watu. "Hamjawahi kuona baba na binti? Kunyweni chai!"

Baada ya muda Malati alijifuta kwa ncha ya sari. Akamfuta na baba yake, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto aliyechezea masizi, huku akinuna. Mstari wa nywele zake mwenyewe ulikuwa umekolea rangi, haujaguswa.

"Zamu yenu inaisha saa ngapi?" akauliza.

"Saa nane."

"Saa nane mnakula kwangu. Wote wawili. Nimepika samaki." Akamwangalia usoni. "Na Gopen anabaki huko huko kwenye nguzo, ukitaka. Lakini kasuku utamtazama vizuri, baba. Urefu pia."

"Urefu pia," Haradhan akasema.